Jinsi ya Kufunga GPS na Mfumo wa Mawasiliano kwenye Pikipiki ya Safari Ndefu

Watu wengi huianzia kazi hii kwenye skrini. Hununua kifaa, hukibana kwenye usukani, halafu ndipo hutafuta mahali pa kuchota umeme, na waya wa kwanza unaoonekana karibu ndio unaokatwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: unaanzia kwenye betri, unapita kwenye fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa mkondo mdogo ili ipitishe mkubwa), unapanda hadi kwenye usukani na kuingia ndani ya helmeti. Skrini inayozimika pikipiki inapopita kwenye mashimo, mlio mwembamba masikioni unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, betri iliyoisha nguvu asubuhi ya siku ya pili: mara nyingi chanzo cha haya yote ni umeme na nyaya, hata pale kifaa chenyewe kinapokuwa kizima na cha bei ya juu.

Hesabu ya umeme na uchaguzi wa vifaa

Altaneta ya pikipiki huzalisha umeme wa kiasi, na sehemu kubwa ya umeme huo huliwa na pikipiki yenyewe kwa ajili ya pampu ya mafuta, plagi, taa na feni ya rejeta. BMW R 1250 GS, ambayo ni pikipiki kubwa ya safari, ina altaneta ya wati 510, na pikipiki nyingi ndogo huzalisha chini ya nusu ya kiasi hicho. Tafuta takwimu ya pikipiki yako kwenye kitabu chake, kisha jumlisha mahitaji ya kila kifaa unachotaka kuongeza kwa kuzidisha volti kwa ampea. Chaja ya USB inayotoa volti 5 na ampea 3 hutumia wati 15, ambazo kwenye mfumo wa volti 12 ni kati ya ampea 1.2 na 1.5 ukihesabu na kile kinachopotea kama joto. Hizo ni namba ndogo. Mzigo mzito hutoka kwenye vitu kama jaketi la kupasha mwili joto na taa za ziada, na mwenye kutumia vitu hivyo ndiye anayepaswa kuhesabu kwa makini zaidi.

Kuhusu kifaa cha ramani, swali linaloulizwa kila mara ni kama simu inatosha. Simu ina ramani nzuri na skrini angavu, lakini ina udhaifu ambao mwendesha pikipiki hapaswi kuupuuza. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kwamba mitetemo ya injini kubwa za pikipiki inaweza kudhoofisha kamera za iPhone, hasa sehemu inayotuliza picha na ile inayolenga. Kampuni hiyo hiyo hutaja nyuzijoto 35 kuwa kikomo cha juu cha joto la hewa ambamo simu zake zinakusudiwa kutumika, na simu iliyoachwa juani huku inachajiwa na kuonyesha ramani hufika mahali ikapunguza mwanga au ikajizima. Matone ya mvua nayo huigusa skrini kana kwamba ni vidole. GPS iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki huhimili maji na mitetemo, huonekana kwenye jua kali na hukubali kuguswa kwa glavu. Kwa maoni yangu, mwenye safari ndefu afunge GPS maalumu kwenye usukani, na simu aiweke mfukoni mwake ikiwa na ramani zilizopakuliwa kabla ya safari. Simu ndiyo njia ya kuomba msaada, na haifai kuwa imebanwa kwenye chombo ambacho mtu anaweza kutenganishwa nacho kwa ajali.

Unaponunua, angalia alama ya uwezo wa kuzuia maji. IPX7 maana yake ni kwamba kifaa kimejaribiwa kwa kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Angalia pia kama kifaa kinapokea setilaiti za mifumo zaidi ya ule wa Marekani, yaani GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya China. Mpokezi anahitaji kuona setilaiti 4 kwa uchache ili ajue alipo pamoja na mwinuko wake, na katika bonde lembamba au kati ya majengo marefu, mifumo mingi humpa nafasi kubwa zaidi ya kuzipata.

Hatua ya 1: Njia ya umeme

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Zima ufunguo, fungua kiti, na ufungue waya hasi wa betri kwanza kabla ya ule wa chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu ya chuma utapata cheche kali, kwa sababu fremu yote imeunganishwa na upande wa hasi. Wakati wa kurudisha, hasi hufungwa mwisho.

Usichote umeme wa vifaa vipya kwenye waya wa taa au wa honi. Nyaya hizo ni nyembamba, zilipimwa kwa kazi yake tu, na fyuzi yake ikikatika kwa sababu ya chaja yako utabaki gizani usiku. Njia iliyo salama ni kuvuta waya mpya kutoka kwenye betri na kuuongoza kwa rilei, ili vifaa vipate umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Rilei ya kawaida ya miguu minne huunganishwa hivi: mguu namba 30 hupokea umeme kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi kuu, mguu namba 87 hupeleka umeme huo kwenye kisanduku kidogo cha fyuzi, mguu namba 86 huunganishwa na waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, kama vile waya wa taa ndogo ya nyuma, na mguu namba 85 huenda hasi. Waya huo wa taa ndogo unatumika kuamsha rilei peke yake, kazi ambayo huhitaji chini ya robo ya ampea, kwa hiyo taa haidhuriki.

Kuna pikipiki za kisasa ambazo kompyuta yake hupima mkondo wa kila taa na kuonyesha hitilafu ikiona badiliko dogo. Kwenye pikipiki za namna hiyo usiguse waya wa taa kabisa. Tumia plagi ya vifaa vya ziada ambayo mtengenezaji ameiacha, mara nyingi nyuma ya kioo cha mbele au chini ya kiti, kwa kuamsha rilei au kwa kulisha GPS moja kwa moja ikiwa uwezo wa plagi hiyo unatosha.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 15 hadi 20, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote kikichubuka. Kwa mfumo wa GPS, chaja na kifaa kimoja au viwili vya mawasiliano, fyuzi kuu ya ampea 10 inatosha, ikiwa na waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri hadi kisanduku. Kutoka hapo, kila kifaa kipate fyuzi yake: ampea 2 kwa GPS na ampea 3 hadi 5 kwa chaja ya USB, isipokuwa kama maelekezo ya kifaa yanataja nyingine. Nyaya za milimita za mraba 0.75 hadi 1 zinafaa kwa matawi haya. Kumbuka kwamba fyuzi inalinda waya, kwa hiyo fyuzi inayokatika mara kwa mara haibadilishwi kwa kubwa zaidi. Hutafutwa mahali waya ulipochubuka.

Nyaya zote za hasi zirudi sehemu moja, ama kwenye betri yenyewe ama kwenye kipande kimoja cha shaba kilichounganishwa nayo. Vifaa viwili vikichukua hasi kwenye sehemu mbili tofauti za fremu, na vikaunganishwa pia kwa waya wa sauti, tofauti ndogo ya volti kati ya sehemu hizo husukuma mkondo ndani ya waya wa sauti, na huo ndio mlio unaoufuata mwendo wa injini. Ukiwa umeunganisha hasi mahali pamoja na mlio bado upo, weka kitenganishi cha sauti chenye transfoma kwenye waya wa sauti.

Viungo vya nyaya vibanwe kwa koleo maalumu la kubania vituo, yaani vichwa vya chuma vya mwisho wa waya, kisha vifunikwe kwa mrija wenye gundi unaosinyaa kwa joto. Kulehemu kwa risasi kunaonekana imara, lakini risasi iliyoyeyuka hunywewa na nyuzi za waya na kuufanya mgumu pale inapoishia, na mitetemo ya kilomita nyingi huukata waya hapo hapo. Tepu nyeusi peke yake haitoshi, kwa kuwa gundi yake huyeyuka kwa joto la injini na kuacha kiungo wazi.

Hatua ya 2: Kupitisha nyaya

Inua au toa tangi la mafuta ikibidi, na uzifuatishe nyaya mpya kwenye njia ya nyaya za asili za pikipiki, upande ulio mbali na bomba la moshi. Kila penye ukingo wa chuma, valisha nyaya mrija wa kinga. Zifunge kwa kamba za plastiki bila kuzikaza hadi zikabonyea.

Sehemu ya hatari ni kwenye shingo ya usukani. Kabla ya kufunga chochote hapo kwa kudumu, geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, na uangalie waya ukiwa umeinama karibu nao: usivutike, usibanwe kati ya uma na fremu, wala usijikunje kwenye kebo ya klachi au ya mafuta. Rudia zoezi hilo injini ikiwa inaunguruma bila gia, huku ukisikiliza kama mwendo wake unabadilika usukani unapogeuka. Ukibadilika, kuna kebo ya mafuta inayovutwa, na pikipiki hiyo haifai kuingia barabarani hadi irekebishwe.

Hatua ya 3: Kufunga GPS

Pima kipenyo cha usukani kabla ya kununua kishikio. Vipimo vinavyopatikana zaidi ni milimita 22, 25.4 na 28.6, na usukani mnene katikati huwa na vipimo viwili tofauti kwenye bomba lile lile. Vishikio vingi na migongo mingi ya GPS hufuata mpangilio wa matundu manne uitwao AMPS, wenye nafasi ya milimita 30 kwa 38, kwa hiyo kishikio cha kampuni moja kinaweza kubeba kifaa cha kampuni nyingine.

Mahali pazuri ni juu ya dashibodi au juu kidogo ya katikati ya usukani, ili jicho lishuke kidogo tu kutoka barabarani na kurudi. Kifaa kisifunike taa za tahadhari wala kipimo cha mwendo, na kisigusane na kioo cha mbele usukani unapogeuzwa. Keti kwenye pikipiki ukiwa umevaa helmeti na glavu unapochagua pembe, kwa maana kidevu cha helmeti huficha sehemu ya chini ambayo mtu asiyevaa kitu huiona bila shida. Skrubu zipakwe gundi ya kuzizuia zisilegee, ya nguvu ya wastani, ile inayofunguka kwa spana ya kawaida. Kama ni lazima simu ikae kwenye usukani, tumia kishikio chenye mpira wa kupunguza mitetemo.

Jaribio moja linalofaa kufanywa hapa huwa linasahaulika. Fungua ukurasa wa GPS unaoonyesha nguvu ya kila setilaiti, ukiwa mahali palipo wazi, kisha chomeka na uchomoe chaja ya USB. Chaja duni hutoa kelele za mawimbi zinazoifunika ishara dhaifu ya setilaiti, ambazo ziko kilomita 20,200 juu ya dunia, na vipimo kwenye ukurasa huo hushuka mara tu inapochomekwa. Ikitokea hivyo, isogeze chaja mbali na kifaa au uibadilishe. Chaja kama hiyo itasumbua na redio pia.

Hatua ya 4: Intakomu ndani ya helmeti

Intakomu ni kifaa cha spika na maikrofoni cha kusikilizia na kuzungumzia ukiwa umevaa helmeti. Toa pedi za mashavuni na utafute vishimo vya spika. Mafanikio ya sauti nzuri yako kwenye milimita chache: spika ikikaa nyuma ya sikio au chini yake, hata iliyo bora husikika kwa mbali. Bandika spika kwa muda, vaa helmeti, ongoza kidole chako hadi katikati ya sikio, weka alama, kisha uihamishe hadi alama hiyo. Ikiwa kishimo ni kirefu, weka kipande cha sponji nyuma ya spika ili isogee karibu na sikio bila kuligusa. Maikrofoni ya mkono hutumika kwenye helmeti za uso wazi na za kufunguka, na ile ndogo ya kubandika hukaa ndani ya kidevu cha helmeti iliyofungwa. Kwa zote mbili, maikrofoni ikabili mdomo kwa karibu sana, na alama yake ielekee kwenye midomo.

Kamwe usitoboe ganda la helmeti, wala usichonge ile sponji ngumu nyeupe au ya kijivu ambayo kazi yake ni kumeza mshtuko. Kanuni ya kimataifa ya ECE 22.06 imeweka utaratibu wa kupima helmeti pamoja na vifaa vya mawasiliano vilivyotengenezewa, na kwa mnunuzi wa helmeti mpya hilo ni jambo la kuangalia.

Sauti nayo ina mpaka wake. Kelele za upepo ndani ya helmeti kwenye mwendo wa barabara kuu huzidi desibeli 90, na anayeongeza sauti ya spika ili ishinde upepo anaongeza madhara juu ya madhara. Vaa vizibo vya masikio. Vinapunguza mngurumo wa upepo na sauti ya spika kwa pamoja, na kwa kuwa maneno yanabaki juu ya mngurumo, maelekezo huendelea kueleweka.

Hatua ya 5: Kuoanisha

Futa kumbukumbu za zamani kwenye kila kifaa kabla ya kuanza. Intakomu nyingi zina nafasi ya simu ya kwanza na nafasi ya pili. Oanisha simu yako kwenye ya kwanza na GPS kwenye ya pili, kisha ufanye jaribio la mambo matatu kwa wakati mmoja: muziki ukilia, subiri elekezo la njia, halafu mtu akupigie simu. Bluetooth hutumia njia moja kwa muziki na nyingine kwa simu, na vifaa hutofautiana katika kuamua kipi kinyamaze. Ni afadhali kulijua hilo pikipiki ikiwa imesimama.

Kwa wanaosafiri kikundi, mfumo wa Bluetooth huwaunganisha waendeshaji kwa mnyororo, na wa katikati akibaki nyuma mnyororo hukatika. Mfumo wa matandao, yaani mesh, hupitisha sauti kwa mwingine aliye karibu na kumrudisha aliyepotea anapokaribia. Hata hivyo, mesh ya kampuni moja kwa kawaida haizungumzi na ya nyingine, kwa hiyo kikundi kikubaliane kabla ya kununua. Umbali unaoandikwa kwenye boksi hupatikana mahali peupe penye kuonana. Mlima au kona ya msitu huukata.

Hatua ya 6: Redio ya upepo na setilaiti

Redio ya upepo hufika pale intakomu inapoishia, lakini antena yake huamua kila kitu. Robo ya wimbi kwenye megahezi 27 za redio za CB, yaani redio za mawasiliano ya raia, ni takribani mita 2.75, urefu usiobebeka kwenye pikipiki, kwa hiyo hutumika antena fupi yenye koili ambayo ni lazima irekebishwe kwa mita ya SWR, inayoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudishwa na antena kwenye redio, hadi isome 1.5 au chini yake. Ikisoma zaidi ya 3, usibonyeze kitufe cha kuzungumza, kwani redio inaweza kuungua. Kwenye megahezi 446 robo ya wimbi ni sentimita 17 tu. Fahamu kwamba redio za PMR446 zinazoruhusiwa bila leseni barani Ulaya zina kikomo cha wati 0.5 na antena isiyobadilishwa, na kwamba kila nchi ina sheria zake za masafa. Kitufe cha kuzungumza kifungwe upande wa kushoto wa usukani, mahali ambapo dole gumba hufika bila mkono kuachia mpini.

Kwa anayepita mahali pasipo na mtandao wa simu, kifaa cha ujumbe cha setilaiti chenye kitufe cha dharura kina thamani kuliko vyote vilivyotajwa. Vile vinavyotumia mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66, hufanya kazi popote duniani mbingu inapoonekana. Kivae mwilini, begani au kifuani, kisifungwe kwenye pikipiki. Hakikisha pia sheria za nchi unazopita, kwa mfano India hairuhusu mtu kuingia na vifaa vya namna hiyo bila kibali.

Majaribio kabla ya kuondoka

Betri iliyojaa na iliyotulia husoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Injini ikizunguka kwa mwendo wa safari na kila kifaa kikiwa kimewashwa, vituo vya betri visome angalau volti 13.5. Pima tena kwenye plagi ya GPS: ikiwa tofauti inazidi nusu volti, kuna kiungo kilicholegea au waya mwembamba mno.

Kisha zima ufunguo, fungua waya hasi, na uweke mita ya umeme, ikiwa kwenye kipimo cha ampea, kati ya waya huo na betri. Usiwashe ufunguo wala kubonyeza stata mita ikiwa hapo, kwa kuwa fyuzi yake itakatika. Mkondo uwe wa miliampea chache tu. Kifaa kinachonyonya nusu ampea kitaimaliza betri ya ampea-saa 10 ndani ya saa 20, na stata itakataa kuzunguka mapema zaidi ya hapo. Ukiona mkondo mkubwa, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi ushuke.

Mwagia maji kwenye dashibodi na viungo kwa mfano wa mvua, endesha mwendo mfupi kwenye barabara mbovu, kisha rudi ukaze skrubu zote kwa mara ya pili. Chora mchoro wa nyaya ulizoweka, ukionyesha rangi zake na ukubwa wa kila fyuzi, uufunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na fyuzi za akiba na rilei moja, na uuweke chini ya kiti.